Mbeya hadi Iringa kwa Gari la Umeme: Uchambuzi wa Safari ya Familia Moja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia ya watu watano wa Mbeya mjini, yaani baba, mama, bibi mzaa baba na watoto wawili, waliosafiri hadi Iringa kwa gari lao la umeme katika likizo ya katikati ya mwaka ili kuhudhuria sendofu ya mdogo wake mama. Niliombwa kuwasaidia kupanga safari hiyo, na wao wameridhia itumike kufundishia. Majina, tarehe na nyumba walizofikia nimeziacha. Masafa na miinuko ni ya makadirio, kwa kuwa ndivyo yalivyotumika katika mpango wenyewe.

Usuli

Gari lao ni dogo, lililotumika, lililoagizwa kutoka Japani likiwa na betri ya uniti 40 ilipokuwa mpya. Uniti hizo ni zile zile tunazonunua kwenye Luku, yaani kilowati-saa. Karatasi ya muuzaji ilieleza kwamba likijazwa mara moja linakwenda kilomita 400, na baba alikuwa amepanga safari yote juu ya tarakimu hiyo: kutoka Mbeya hadi Iringa ni takriban kilomita 330, kwa hiyo wangejaza usiku, wakaondoka alfajiri na kufika na akiba ya kutosha.

Tarakimu ile haikuwa ya uongo, ila ilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Japani uitwao JC08, ambao hupima gari jipya ndani ya maabara kwa mwendo wa polepole. Gari hili lilikuwa limeshatumika kwa miaka, na kipimo cha afya ya betri kwenye dashibodi kilionyesha vipande 10 kati ya 12. Tulipochomeka kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari chini ya usukani, tukaona kwamba uniti zinazoweza kutumika kweli zilikuwa karibu 31. Kabla ya kuandika mpango wowote nilimwomba baba aliendeshe hadi Tukuyu na kurudi, akiwa na familia nzima, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Njia hiyo ina milima na baridi ya kutosha kusema ukweli. Alirudi na wastani wa kilomita 7.5 kwa uniti moja. Zidisha kwa 31, unapata kilomita 230 na kitu, si 400.

Jambo la pili lilikuwa barabara yenyewe. Msafiri wa basi anaijua njia ya Mbeya na Iringa kwa vituo vyake, lakini gari la umeme linaijua kwa urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700. Baada ya Uyole barabara inateremka kupitia Inyala hadi kwenye ukingo wa bonde la Usangu, ambako Igurusi na Chimala ziko kwenye mita kama 1,100. Ukishapita Igawa unaanza kupanda tena hadi Makambako, mita kama 1,650, kisha Mafinga, karibu 1,900, ndipo unateremka taratibu hadi Ipogolo na kukutana na kile kilima cha kuingilia Iringa mjini. Gari lenye watu na mizigo, uzito wa tani mbili hivi, linahitaji uniti 3 na zaidi kidogo kwa ajili tu ya kupanda mita 550 kutoka Igawa hadi Makambako, mbali na uniti 8 za kusogea mbele kwa kilomita zile 60.

Jambo la tatu ndilo lililotawala mengine yote. Njiani hawakuwa na kituo cha kuchaji kwa kasi cha kutegemea. Walikuwa na waya wa gari wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ambao kwa ampea 10 unavuta kama uniti 2.3 kwa saa, na baada ya upotevu wa kuchaji zinaingia kwenye betri kama 2.1. Kujaza betri iliyokaribia kuisha kungechukua saa 14 au 15.

Maamuzi ya kabla ya safari

Kutokana na hesabu hiyo safari ikawa ya siku mbili, na mahali pa kulala pakachaguliwa kwa ajili ya gari kabla ya watu. Makambako ilifaa kwa sababu iko karibu nusu ya njia, kilomita 170 hivi kutoka Mbeya, na iko juu, kwa hiyo mlima mkubwa wa siku ya kwanza ungekuwa umeshapandwa kabla ya gari kupumzishwa. Mama alipendekeza wapumzike pia Chimala kwa ndugu yake, wale chakula cha mchana huku gari likichaji saa tatu. Kwa karatasi kituo hicho hakikuwa cha lazima, kwa kuwa bila hicho wangefika Makambako na asilimia 24 hivi. Nilikiunga mkono kwa nguvu zote. Asilimia 24 ya kwenye karatasi, katika barabara yenye malori mazito na ukungu wa jioni, inaweza kuwa asilimia 15 usipoangalia, na tena kuna bibi na watoto ndani.

Sendofu ilikuwa Jumamosi alasiri. Waliamua kuondoka Alhamisi asubuhi ili wafike Ijumaa mchana, wakibakiwa na nusu siku na usiku mzima wa akiba. Baba aliona ni kupoteza muda. Mama akamkumbusha kwamba anakwenda ukweni, na mkwe anayefika watu wakiwa wameshakaa vitini haelezei habari za betri akaeleweka.

Mzigo ulizungumzwa sana, pengine kuliko ulivyostahili. Walitaka kubeba kilo 100 za mchele na mikungu ya ndizi za Tukuyu, na baba alihofu kwamba uzito huo ungemaliza chaji. Ukweli ni kwamba kilo 150 za ziada, kwa mlima wote wa Igawa hadi Makambako, hazili hata robo ya uniti. Kinachokula chaji ni mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo unaosukumwa na gari huongezeka kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo mchele na ndizi vilitangulizwa kwa basi kama kifurushi, kwa sababu nyingine kabisa. Watu watano na kilo 150 juu yao ni zaidi ya uwezo wa springi na matairi ya gari dogo kama lile, na miguu ya bibi ilihitaji nafasi.

Baridi ilikuwa hoja ya kweli. Hita ya gari la namna hii inaweza kuvuta uniti 1.5 kwa saa au zaidi, na ikiwaka saa mbili imeshakula karibu asilimia 10 ya betri yao. Viti vya mbele vilikuwa na kipasha joto chake chenyewe, ambacho hutumia umeme kidogo mno. Bibi akapewa kiti cha mbele na blanketi, watoto wakavalishwa masweta, na hita ikaachiwa kazi ya kuondoa ukungu kwenye kioo.

Mwisho waliandika masharti kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya usukani. Kutoka Igawa wasipande chini ya asilimia 60, na ikiwa pungufu warudi Rujewa kutafuta soketi. Kutoka Makambako wasiondoke chini ya asilimia 85. Sharti la pili lilitokana na makadirio kwamba kipande cha Makambako hadi Iringa, kilomita 160 hivi, kingetumia asilimia 68, na 17 zilizobaki ndizo ngao yao dhidi ya mvua, upepo na njia ya kuzunguka.

Siku ya kwanza

Waliondoka saa tatu asubuhi wakiwa na asilimia 100. Hapa pana jambo ambalo wenye magari haya hulisahau. Kwenye mteremko mota hugeuka jenereta, ikapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, lakini betri iliyojaa haina pa kuupokea. Mteremko wa Inyala, unaojulikana kwa ajali, unawadia mapema baada ya Uyole, wakati betri ingali karibu kujaa. Baba alikuwa ameonywa asitegemee mota peke yake kulizuia gari pale, akateremka polepole na kutumia breki za kawaida kwa vipindi. Sikumshauri apunguze chaji ya kuanzia, maana chaji ile walikuwa wanaihitaji.

Walifika Chimala saa tano wakiwa na asilimia 74. Makadirio yalikuwa 75. Gari likachomekwa kwenye soketi ya sebuleni. Mama alikuwa na maagizo ya kuigusa plagi baada ya nusu saa. Alipoigusa akaiachia: ilikuwa na moto wa kushindwa kushikika, na plastiki kuzunguka mguu mmoja ilikuwa imeanza kubadilika rangi kuwa kahawia. Soketi ilikuwa imelegea kwa ndani. Wakaichomoa, wakahamia soketi ya jikoni iliyokuwa ya jokofu, wakapunguza waya kutoka ampea 10 hadi 8. Baada ya nusu saa nyingine plagi ilikuwa na joto la kawaida tu. Soketi inayohimili birika la chai kwa dakika tano haijathibitisha kwamba itahimili gari kwa saa tatu mfululizo, na nyumba nyingi zetu zina soketi za namna hiyo.

Kabla ya kuondoka mama alimwachia mwenyeji uniti za kutosha, akazinunua kwa simu kwa namba ya mita ya nyumba hiyo. Mwenyeji alikataa kwanza, kama adabu inavyotaka, lakini mama alikuwa na sababu ya kushikilia. Nyumba hiyo ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa bei nafuu sana. Mgeni mmoja mwenye gari akija mara mbili tatu anaweza kumvusha mwenyeji wake mpaka huo bila yeyote kujua. Wakakubaliana kwamba wakati wa kurudi wangechaji kwa muda mfupi tu.

Waliondoka na asilimia 90, Igawa wakapita na 75, mlima wakaupanda nyuma ya malori, na Makambako wakafika magharibi na 36. Makadirio yalikuwa 39. Tofauti ililetwa na hita, iliyowashwa bibi alipoanza kukohoa, na hakuna mtu aliyebisha.

Usiku wa Makambako

Gesti waliyofikia ilikuwa imeulizwa kwa simu siku chache kabla kama kuna umeme na kama gari linaweza kuchajiwa uani, na mapokezi walijibu ndiyo kwa yote mawili. Soketi ya barazani ilipatikana saa moja na nusu, baada ya gari jingine kusogezwa. Plagi ikaguswa baada ya nusu saa, ikaonekana salama, familia ikala na kulala.

Saa tano za usiku umeme ulizimika. Mlinzi alidhani umekatika mtaani, akakaa na tochi yake, hadi alipotupa macho ng'ambo ya barabara akaona taa za jirani zinawaka. Ni Luku iliyokuwa imeisha. Gesti ilikuwa na mazoea ya kununua uniti chache chache, wageni walikuwa wameoga maji ya moto kwa sababu ya baridi, na gari peke yake lilikuwa limeshavuta uniti 8. Mlinzi hakumwamsha mtu. Baba alipotoka saa kumi na mbili asubuhi alikuta taa za buluu za kuonyesha chaji zimezimika na dashibodi inasoma asilimia 60, mahali alipotarajia kukuta 100.

Mama alinunua uniti 30 kwa simu, tokeni ya tarakimu 20 ikaingizwa kwenye mita, na saa kumi na mbili na nusu gari likaanza tena kupokea.

Uamuzi wa asubuhi

Saa mbili na nusu gari lilikuwa na asilimia 74. Baba alitaka waondoke. Hoja yake haikuwa ya ovyo: makadirio yalisema 68, siku iliyotangulia makadirio yalikuwa yamekosea kwa asilimia chache tu, na Mafinga iko katikati ya njia, ambako wangeweza kuomba soketi wakibanwa. Mama hakuingia kwenye hesabu. Alimwambia, "Baba watoto, karatasi inasema themanini na tano. Bado." Bibi, ambaye hakuwahi kuulizwa lolote kuhusu betri tangu mwanzo, akaongeza, "Mwanangu, mimi sina haraka ya kwenda kulala msituni."

Walifikiria njia ya kati, kwamba mama, bibi na watoto wapande basi na baba afuate akiwa peke yake. Wakaiacha kwa sababu ilikuwa Ijumaa asubuhi na muda wa akiba ulikuwa bado haujaguswa. Kama siku hiyo ingekuwa Jumamosi, ningewashauri wapande basi pasipo kusita.

Waliondoka saa nne na robo wakiwa na asilimia 85.

Matokeo

Njiani walikutana na manyunyu kuanzia kwenye misitu ya Sao Hill, na hita ikawaka mara kwa mara kwa ajili ya kioo. Ipogolo walifika saa nane mchana wakiwa na asilimia 18, na kilima cha kuingia mjini kikala 3. Waliegesha kwa wakwe wakiwa na 15, baada ya kutumia 70 kwa kipande hicho.

Kwa safari nzima ya kwenda, gari lilitumia uniti 46 au 47 za betri, ambazo kwenye mita za Luku ni kama 52 ukijumlisha upotevu. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya karibu Sh 350 kwa uniti, hiyo ni takriban Sh 18,000. Gari la petroli la ukubwa huo lingetumia lita zaidi ya 20, na msomaji anaijua bei ya lita mjini kwake. Ila basi lingewafikisha siku hiyo hiyo, na anayelazimika kuondoka asubuhi na kufika jioni hana sababu ya kuchukua gari la namna hii kwenye njia hii.

Uchambuzi

Kilichowaokoa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba sharti la asilimia 85 liliandikwa nyumbani, watu wakiwa wametulia, na aliyelisimamia hakuwa mwenye usukani. Hebu tuangalie kama baba angesikilizwa. Angeondoka na 74, angetumia zile zile 70, angefika mlangoni kwa wakwe na 4. Yaani wangefika. Lakini wangeanza kupanda kilima cha mwisho wakiwa na 7, gari likilia tahadhari, kwenye mlima wenye foleni ya malori chini yake, na lori moja kuharibika katikati ya barabara kungetosha kuwaacha hapo. Wapo watakaosema sharti lilikuwa kali kupita kiasi kwa kuwa hata 74 ingetosha. Mimi siliachi. Saa mbili za kusubiri gestini wakinywa chai ni gharama ndogo mno kwa familia yenye mtu mzima anayekohoa.

Kipimo cha Tukuyu nacho kilifanya kazi kubwa. Tofauti kati ya makadirio na hali halisi haikuzidi asilimia 3 kwa kipande chochote, na hiyo haikutokana na ustadi wa hesabu bali na kulipima gari lile lile, na watu wale wale, kwenye milima inayofanana.

Kilichofeli ni maongezi na gesti. Baba hadi leo anaona kosa lilikuwa la gesti, nami sikubaliani naye. Waliulizwa kama kuna umeme, na umeme ulikuwepo. Hawakuambiwa kwamba gari litavuta uniti 20 kwa usiku mmoja, kiasi ambacho familia nyingi hukitumia kwa wiki nzima au zaidi. Swali lililofaa lilikuwa jingine: mita ina uniti ngapi sasa, namba yake ni ipi ili tununue wenyewe kabla ya kufika, soketi iko wapi na nani yuko macho usiku. Gesti isingepungukiwa na kitu, na wageni wengine wasingelala gizani kwa sababu ya gari la mtu.

Pia hakuna aliyepewa kazi ya kulitazama gari usiku. Programu ya simu ya magari kama haya, ambayo humwarifu mwenye gari chaji inapokatika, imetengenezwa kwa mtandao wa Japani na kwao haikufanya kazi. Njia iliyobaki ni mlinzi. Taa za buluu zinaonekana kupitia kioo cha mbele, na ilitosha kumwonyesha na kumwambia: zikizimika kabla ya alfajiri, niamshe, hata kama ni usiku wa manane. Pamoja na maneno hayo angeachiwa chochote cha chai.

Ukweni palihitaji uangalifu wa aina yake. Baba asingeweza kumwomba baba mkwe umeme, tena nyumba ikiwa na wageni wa sherehe, maspika na majokofu. Mama alizungumza na mama yake, uniti zikanunuliwa kimya kimya asubuhi ya Jumamosi, na gari likachomekwa usiku baada ya sherehe, mzigo wa nyumba ulipopungua.

Safari ya kurudi

Wakati wa kurudi masharti yalibadilishwa, ingawa barabara ni ile ile. Mlima mkubwa wa siku ya mwisho sasa ulikuwa ule wa kutoka Igurusi hadi Uyole, mita kama 700, mkali kuliko ule wa Igawa, na soketi ya mwisho waliyoiamini kabla yake ilikuwa ya Chimala. Sharti la asilimia 60 likahamishiwa hapo. Gesti ya Makambako, ile ile, ilipigiwa simu siku moja kabla, namba ya mita ikachukuliwa na uniti 30 zikanunuliwa familia ikiwa bado Iringa. Mlinzi alionyeshwa taa. Asubuhi gari lilikuwa limejaa, Chimala likafika na asilimia 67, likachajiwa kwenye soketi ya jikoni kwa muda wa chakula tu, na Uyole wakaipita kabla jua halijazama. Ndugu wa Chimala ameshaita fundi wa kuibadilisha ile soketi ya sebuleni.